Kabla Hujaiuza Saa ya Babu: Uso Wake Ndio Mali

Saa nyingi za zamani hapa Kisumu hupoteza thamani siku chache tu kabla ya kuuzwa. Mwenye saa huipeleka kwa fundi barazani, katikati ya mji, akitaka ipendeze machoni pa mnunuzi. Fundi, kwa nia njema kabisa, humwambia: "Jaduong', huu uso umechoka. Niachie mpaka Ijumaa, nitaupaka rangi ung'are." Ijumaa saa inarudi ikimetameta, na mnunuzi anayezijua saa anaitazama mara moja, anashusha bei vibaya au anaaga na kwenda zake. Kwa mkusanyaji wa saa za kale, uso ule saa iliotoka nao kiwandani ndio saa yenyewe. Mashine husafishwa, kioo hubadilishwa, mkanda hununuliwa mwingine. Uso ukishafutwa na kupakwa upya, haurudi.

Basi kama unayo saa ya namna hiyo, uliyoirithi, uliyoikuta sandukuni au uliyoinunua sokoni Kibuye siku ya Jumapili, na uso wake si wa kawaida, soma haya kwanza. Uso usio wa kawaida waweza kuwa na rangi ya kahawia mahali palipotarajiwa pawe peusi, nembo ya serikali, tarakimu za Kiarabu au za Kihindi, jina la duka chini ya jina la kampuni, au kialama kidogo cha mshale. Kila kimojawapo kina maana yake, na vingine vina pesa ndani yake. Vingi havina, na hilo nalo ni heri ulijue mapema kabla hujaanza kuijenga nyumba kwa fedha ambazo hazijaja.

Saa hizi zilifikaje ziwani

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Kazi ya treni na ya meli huendeshwa kwa dakika, kwa hiyo saa nzuri ilikuwa chombo cha kazi kwa makarani, walinzi wa treni na mabaharia muda mrefu kabla haijawa pambo. Pamoja na reli walikuja wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na kupitia kwao zikaja saa za Uswisi zilizokuwa zikiuzwa Bombay, kama za West End, kampuni iliyoanza biashara mjini humo mwaka 1886, na za Favre-Leuba. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles walirudi nyumbani kutoka Burma, na wengine walivaa saa mkononi kwa mara ya kwanza. Kisha miaka ya 1960 na 1970 zikaingia za Japani: Seiko, Citizen, Orient. Hizo ndizo utakazozikuta kwa wingi mikononi mwa walimu wastaafu na wazee wa kanisa kutoka Ahero mpaka Bondo.

Ninaeleza historia hii kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kupima maneno yaliyoandikwa kwenye saa yako. Chukua herufi E.A.R.&H., za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo lilitumia jina hilo kuanzia mwaka 1948 hadi 1969, wakati bandari zilipotengwa na reli. Saa ya kwanza ya mkononi ya betri inayotumia fuwele ya kwazi, Seiko Astron, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Kwa hiyo mtu akikuletea saa ya kwazi yenye herufi hizo usoni na kukuambia ni ya mkuu wa stesheni wa zamani, unajua la kufanya. Lakini saa ya kutia ufunguo yenye herufi hizo, na hasa ikiwa na namba iliyochongwa mgongoni, ichunguze kwa makini. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi vifaa vya shirika hilo, na kulinganisha herufi zako na zile zilizoko kwenye vifaa vyao ni njia rahisi ya kuanza.

Kialama cha mshale mdogo wenye ncha juu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiuona usoni na tena mgongoni, pamoja na herufi W.W.W., una saa ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1945 au karibu na hapo. Kampuni 12 zilitengeneza saa hizo kwa mahitaji yale yale ya jeshi, zikiwemo Omega, Longines, IWC, Jaeger-LeCoultre, Cyma, Vertex na Grana. Wakusanyaji huzitafuta zote, na wapo wanaotaka kukamilisha 12 nzima. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: jeshi lenyewe, baadaye, lilibadilisha nyuso za baadhi ya saa hizo na kuweka nyingine zenye herufi T ndani ya duara. Uso kama huo si wa kwanza, lakini ulibadilishwa na mwenye saa wa halali wakati saa ikiwa kazini, na mnunuzi huuhesabu kuwa sehemu ya maisha ya saa. Usiuharibu ukitafuta ule wa zamani zaidi.

Aina nyingine huonekana zaidi upande wa pwani, lakini watu husafiri na mali yao husafiri nao. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Oman mwezi Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na Mombasa zilihamia Maskati, na wengine wakaajiriwa serikalini. Sultani huyo aliagiza saa za Rolex na za kampuni nyingine zikiwa na nembo ya taifa, jambia na panga mbili, kupitia duka la Asprey la London, akawapa watu kama zawadi. Saa hizo leo hupiganiwa minadani. Kwa sababu hiyo hiyo, kubandika jambia kwenye uso wa kawaida kumekuwa biashara ya matapeli. Ukiwa na saa kama hiyo bila barua, picha ya zamani au jina la aliyepewa, tarajia mnunuzi akushuku, na usimkasirikie.

Kahawia ya jua na madoa ya maji

Rangi nyeusi zilizopakwa kwenye nyuso nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa imara. Jua, joto na unyevu viliibadilisha rangi polepole hata ikawa ya kahawia, kama chokoleti. Wakusanyaji huuita uso wa tropiki, na wanaulipia zaidi ya ule uliobaki mweusi, kwa sababu hakuna nyuso mbili zilizogeuka sawasawa. Sisi tunaishi pale ikweta inapopita, Maseno, na saa iliyovaliwa mkononi miaka 30 shambani au mtumbwini imepata jua la kutosha. Kama uso wa saa ya babu umekuwa kahawia sawasawa kote, maandishi yakiwa bado yanasomeka na alama za saa zikiwa zimekaa, huenda ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonavyo katika saa hiyo.

Madoa ya maji ni jambo jingine kabisa. Uso wenye mabaka, ukungu wa kijani pembezoni, rangi iliyovimba na kubanduka, hiyo ni dalili kwamba maji au mvuke wa ziwa uliingia kupitia kioo au kichwa cha kutilia ufunguo. Hilo hupunguza bei. Hata hivyo, usiyafute madoa hayo. Uso uliokula maji lakini haujaguswa bado una wanunuzi. Uso uliosuguliwa kwa pamba na spiriti hauna. Ukiona ukungu chini ya kioo leo, mpelekee fundi aifungue na kuikausha, bila kugusa uso, kisha iweke mahali pakavu pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kuutambua uso uliopakwa upya

Omba fundi akuazime lenzi yake, ile anayoibana jichoni, au nunua yako. Kaa kwenye kivuli chenye mwanga mwingi. Tazama herufi za jina la kampuni: za kiwandani huwa nyembamba, kingo zake kali, na nafasi kati ya herufi ni sawa. Zilizopakwa kwa mkono au kwa muhuri huwa nene, zimevuja kidogo, na mstari wake huenda kombo. Fuata vistari vya dakika ukingoni mwa uso, uone kama kila kimoja kinakutana sawa na alama ya saa iliyo mbele yake. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye tarakimu 6, ambapo saa nyingi za Uswisi zimeandikwa neno Swiss au Swiss Made kwa herufi ndogo mno. Aliyepaka upya mara nyingi huyaacha maneno hayo au huyakosea.

Kwa Seiko kuna msaada mkubwa zaidi. Mgongoni mwa saa kuna namba mbili. Moja ina tarakimu nne, kistari, kisha nyingine. Zile nne za kwanza zinataja mashine iliyomo ndani. Chini kabisa mwa uso, kwa maandishi madogo, kuna namba nyingine ambayo kwa kawaida huanza kwa tarakimu zile zile au za mashine ya ukoo mmoja. Zisipolingana kabisa, uso huo huenda umetoka kwenye saa nyingine. Namba ya pili mgongoni ndiyo ya saa yenyewe: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka iliyotengenezwa, na ya pili ni mwezi, ila Oktoba huandikwa O, Novemba N na Desemba D. Namba inayoanza na 4 na N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 4. Mtindo wa saa utakuambia kama ni 1964, 1974 au 1984.

Kuna Seiko 5 nyingi sokoni zenye nyuso za rangi ya machungwa, zambarau au kijani kibichi, zenye maandishi makubwa kuliko kawaida. Nyingi zilipakwa upya Bara Hindi na kuuzwa huku kama bidhaa ya kuvaa. Ni saa zinazotembea vizuri na hakuna aibu kuziuza, mradi umwambie mnunuzi ni za namna gani. Usizitangaze kuwa toleo adimu. Na kama ni kopi ya jina kubwa, usiiuze kabisa: Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 haimuulizi muuzaji kama ni duka au ni mtu mmoja mwenye saa moja.

Rangi inayong'aa gizani

Hili ni la afya, nalo lina uzito kuliko bei. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, alama na akrabu za saa nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae usiku. Wasichana waliopaka nyuso hizo huko New Jersey, Marekani, miaka ya 1910 na 1920, walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo yao; wengi waliugua mifupa na kufa. Saa iliyofungwa vizuri na kuvaliwa mkononi si sawa na hatari waliyoikuta. Hatari iko kwenye vumbi lake likiingia kinywani au mapafuni.

Usidanganyike ukiona haing'ai tena. Kinachokufa ni kemikali inayotoa mwanga; radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Kwa hiyo saa ya zamani hivyo usiifungue mezani pa chakula, usiikwangue rangi yake, usimpe mtoto aichezee, na mwambie fundi kabla hajaigusa. Baadaye viwanda vilihamia kwenye tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi, na mara nyingi huonyeshwa kwa herufi T mbili, moja kila upande wa neno Swiss. Ikiwa saa inayosemwa kuwa ya 1950 inang'aa usiku kucha, kuna mtu aliyeipaka rangi mpya.

Bei unaijuaje

Usianze kwa kuuliza bei sokoni, kwa sababu atakayekujibu ndiye anayetaka kununua. Tafuta mtandaoni matokeo ya minada, yaani bei ambazo saa za namba ile ile zimeuzwa kweli. Bei anayoitisha mtu kwenye tangazo lake si ushahidi wa chochote. Minada mikubwa kama Phillips, Christie's, Sotheby's na Bonhams hupokea picha kupitia tovuti zao na kukupa makadirio bila malipo. Kampuni ya Longines nayo huweza kutafuta namba ya saa katika kumbukumbu zake na kukuambia ilitoka lini na ilipelekwa kwa nani. Jibu kama hilo ni nguvu kubwa mbele ya mnunuzi.

Uso wa ajabu umewahi kugeuza bei kwa namna ya kushangaza. Rolex Daytona, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, ilikuwa na nyuso fulani za rangi mbili zenye tarakimu za mtindo usiozoeleka. Wateja wa wakati huo hawakuzipenda, zikadoda madukani. Mwigizaji Paul Newman alikuwa na moja, na tarehe 26 Oktoba 2017 saa yake hiyo iliuzwa na Phillips mjini New York kwa dola milioni 17.75 hivi. Sitaki mfano huo ukutie tamaa ya bure. Bei ile ilijengwa na vitu vitatu kwa pamoja: uso adimu ambao haukuguswa, jina la kampuni, na uthibitisho usio na shaka wa nani aliivaa. Saa yako huenda ina kimoja. Kitunze hicho ulicho nacho.

Picha ndizo zitakazokuuzia. Piga asubuhi, kwenye kivuli cha baraza, bila mwanga wa simu na bila programu za kupendezesha. Piga uso kwa karibu, pembeni, mgongo, kichwa cha ufunguo, na mashine baada ya fundi kuifungua. Afungue ukiwa umekaa mbele yake, na arudishe ukiwa bado hapo. Wapo watu waliorudishiwa saa zao zikiwa na mashine nyingine, wakaligundua hilo mnunuzi alipowaonyesha. Onyesha kila doa na kila mkwaruzo: mnunuzi aliye mbali anaogopa asichokiona, na picha safi mno humfukuza.

Kuuza, kulipwa, kusafirisha

Saa ya kawaida ya kuvaa iuze hapa hapa, kwa matangazo ya mtandaoni au kwa mfanyabiashara unayemwamini, na usipoteze mwezi mzima ukijadiliana. Saa yenye uso unaohitaji maelezo inahitaji mnunuzi anayejua, naye mara nyingi yuko Nairobi au ng'ambo. Mnada hukata kamisheni, hivyo uliza asilimia yake, bei ya chini unayoweza kuweka, na nani atalipia safari saa isipouzika.

Mkikutana ana kwa ana, kutaneni ndani ya benki. M-Pesa huruhusu shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Zaidi ya hapo tumieni uhamisho wa benki. Usitoe saa kwa sababu umeonyeshwa ujumbe. Fungua akaunti yako mwenyewe, uone salio limepanda, ndipo uiachie. Anayetuma pesa nyingi kuliko bei kisha akaomba umrudishie ziada ni tapeli, hata kama anazungumza kwa upole na kukuita kaka.

Ukisafirisha nje, toa mkanda kama ni wa ngozi ya mamba, chatu au kenge. Ngozi hizo ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, na kuzitoa nchini bila kibali kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya ni kosa kubwa, hata kama mkanda ulinunuliwa miaka 50 iliyopita. Andika thamani halisi ya saa kwenye fomu na uilipie bima. Ikiwa ina radiamu, mweleze msafirishaji.

Ikiwa ni ya marehemu

Wengi wetu tunauza kilichoachwa na baba au babu, na hapo ndipo ndugu hukosana. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuchukua au kuuza mali ya marehemu kabla ya idhini ya kisheria, na saa ni mali. Kaeni kama familia kabla ya kumtafuta mnunuzi. Mama mjane aulizwe kwanza, kisha watoto wote, hata walioolewa na walio mbali. Ikiwa ina bei kubwa, iandikwe kwenye orodha ya mali inayopelekwa mahakamani pamoja na barua ya chifu. Huko huko kikaoni, muulizeni mama saa ilitoka wapi, ilinunuliwa lini, na kama kuna picha ya mzee akiwa ameivaa. Maelezo hayo yaandikwe, yatiwe sahihi na tarehe, na picha iwekwe pamoja nayo, kwa sababu mnunuzi wa saa yenye uso wa ajabu atayahitaji kuliko kitu kingine chochote.

Mwisho, toa risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kilichouzwa kilingane na maelezo yake, kwa hiyo maelezo yaandike wewe: jina la kampuni, namba zote za mgongoni na za ndani, hali ya uso, kilichobadilishwa na fundi, bei, tarehe, na namba za vitambulisho vya nyote wawili. Kama hujui iwapo uso uliwahi kupakwa, andika hivyo hivyo kwamba hujui, na mnunuzi atie sahihi chini ya maneno hayo.